Barua ya wazi kwa vijana wa gereji: hiyo gia boksi ya Datsun msiishushe kwa pupa

Wanangu, salaam. Nimesikia mmeletewa Datsun 240Z, inakwaruza gia ya pili, na kwamba kuna mtu wa spea ameshawaambia anayo gia boksi nyingine "inaingia bila shida". Nikakosa usingizi kidogo, ndio nikaona niwaandikie, na kwa vile najua si nyie peke yenu mko na hizi gari acha barua iwe wazi wengine pia wasome.

Hiyo gari hapa kwetu si gari tu. Pasaka ya 1971 nilikuwa mtoto, nimesimama kando ya barabara tangu alfajiri, na mashindano ya magari ya Safari ya mwaka huo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, Shekhar Mehta akaja wa pili na 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe, mtoto wa Uganda, akashinda na Lofty Drews ndani ya 240Z tena. Matope yote yale na mawe yote yale. Kwa hiyo ukishika spana chini ya gari kama hiyo, shika kwa heshima.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza terminali hasi ya betri itoke, na gari ikae juu ya stendi nne za chuma, si jeki na mawe, nimeshamwona mwenzangu akipoteza vidole viwili kwa mawe na sitaki kuona tena. Mwageni oili ya gia muiangalie kwenye chombo cheupe: iking'aa mng'aro wa dhahabu hiyo mara nyingi ni shaba ya sinkronaiza, zile ringi za kulinganisha mwendo wa gia, inaisha, mkiona vipande vya chuma vyenye kona hapo ni meno. Propela shafti kabla hamjafungua bolti nne za kwenye difu pigeni alama ya rangi pande zote mbili, irudi vile vile ilivyokuwa, la sivyo gari itatetemeka na mtaanza kulaumu gia boksi bure. Silinda ndogo ya klachi ifungueni iningʼinie na paipu yake, hakuna haja ya kufungua breki oili. Waya za taa ya rivasi, kebo ya spidi, bomba la ekzosi la mbele, stata, mkono wa gia, hayo mnajua. Ila chini ya sampu ya injini wekeni jeki na kipande cha mbao kabla ya kutoa ile krosi ya nyuma, chuma kinachobeba gia boksi, kwa sababu krosi ikitoka injini inalala nyuma yote.

Halafu hapa ndio vijana wengi wanaharibu. Bolti za belhausi, ile kengele ya mbele inayoshikana na injini, zikiisha gia boksi inataka kurudi nyuma IMENYOOKA mpaka shafti yake itoke kabisa kwenye klachi. Mkiiachia ining'inie hata dakika moja na shafti bado iko ndani, uzito wote unakalia pleti ya klachi na pleti inapinda. Watu wawili na jeki, mmoja asilale chini yake.

Ikishatua, msiende kwa mtu wa spea bado. Itambueni kwanza. Gari yenyewe soma chesisi, ikiwa HS30 ni ile ya usukani wa kulia. Gia boksi nayo angalia umbo. Ya kwanza kabisa, hiyo 71A, belhausi yake ni kipande cha peke yake kimefungwa kwa bolti kwenye bodi ya katikati, halafu mkia, yaani vipande vitatu. 71B iliyokuja baadaye belhausi na bodi ni kitu kimoja, na kati yake na mkia kuna bamba limebanwa katikati kama nyama kwenye mkate. Hiyo 71 ni milimita kati ya shafti mbili za ndani, herufi ya mwisho ni toleo. Ile 71C ya pikapu za miaka ya 80 uso wake wa mbele haukubali injini ya L, hii ya 240Z, jinsi ulivyo, na nahofia ndiyo huyo jamaa anawauzia.

Umbo pekee halitoshi, hesabuni. Chukua chaki, piga alama kwenye shafti ya mbele na kwenye yoki ya nyuma, ile ya propela shafti inayoingia mkiani. Weka gia ya tano, zungusha ya mbele mara kumi taratibu, mwingine ahesabu nyuma. Ikizunguka kumi na moja na nusu hivi au zaidi kidogo, hiyo inaweza kuwa 71A au ile 71B ya 280Z, mdogo wake 240Z, ya 1977 na 1978. Ikifika kumi na tatu na karibu nusu ni ya 280ZX, iliyofuata 280Z, ya mwisho mwisho, tano yake ni ndefu, uwiano wake 0.745. Halafu gia ya kwanza, hapo zungusha mpaka ya NYUMA imalize kumi: 71A ya gia tano mbele itakuwa karibu 29 na nusu, ya ZX 30 na nusu, ya 280Z 33 na kidogo. Dakika tano tu, na hakuna mtu wa kukudanganya.

Na ile kola ya beringi ya klachi, inayobeba beringi ya kuachia klachi, tafadhali. Urefu wake unafuatana na presha pleti, ile sahani ya springi inayobana klachi, si na gia boksi. Miaka mingi iliyopita niliweka gia boksi nyingine na kola iliyokuja nayo, nikaacha presha pleti ya zamani, nikafunga kila kitu, klachi ikakataa kuachia. Kazi ya siku mbili nikaishusha upya, na mwenye gari alikuwa anasafiri kesho yake kwenda kuzika. Sijasahau uso wake. Kola na presha pleti zifungeni waya pamoja, zikae pamoja.

Jumamosi asubuhi nitakuja na chaki yangu, tuhesabu zote mbili, ya kwenu na ya huyo jamaa, kabla hamjatoa hata shilingi. Mpaka hapo ya kwenu iwekeni juu ya mbao, sio sakafuni, mkia mmeuziba na yoki ya zamani, mbele mmefunika kitambaa, na mtu wa vyuma chakavu akipita asiiguse hata kama ndani imekwisha, bodi za 71A siku hizi hazipatikani.