Kikande kinaisha mabondeni Makete

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu kikande, okidi ya ardhini, mmea wa maua ambao viazi vyake vinachimbwa huku kwetu na kuvushwa hadi Zambia, ambako hutwangwa na kuchanganywa na karanga kutengeneza chakula kiitwacho chikanda.

Nami nimechimba. Nikiwa darasa la sita shangazi alinipa kijembe kifupi na kisado, na fedha niliyopata ilininunulia madaftari. Ukifukua shina moja lenye ua unakuta viazi viwili: kimoja cha kahawia, kimesinyaa na ukikibonyeza kinabonyea, kingine cheupe, kigumu, kimejaa. Tulikitupa kilichosinyaa. Sikujua kwamba hicho ndicho kilicholisha ua la mwaka huo, na kile cheupe nilichotia kwenye kisado ndicho mmea wa mwaka unaofuata. Kwa hiyo tulipopita hapakuota tena.

Mbegu nazo si kama za maharage. Ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula ndani yake, haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wa kuzilisha udongoni. Kisha mmea unakaa miaka kadhaa kabla ya kuchanua.

Wapo wanaosema tuna Hifadhi ya Kitulo inayolinda maua tangu 2005, basi inatosha. Naishukuru sana hifadhi hiyo. Mvua zikikolea, ukisimama pale juu unaelewa kwa nini wazee wetu waliiita Bustani ya Mungu. Lakini bonde la majimaji lililo nyuma ya nyumba yetu liko nje ya mpaka. Januari nililizunguka asubuhi nzima, nikapata mashina manne tu yenye maua. Nusu ya bonde imeshachimbwa mitaro, inalimwa viazi mviringo. Simlaumu jirani, mimi pia nalima viazi na najua ada ya shule inavyobana.

Ninachoomba ni serikali za vijiji ziwakatalie wanunuzi wanaokuja na magunia, na kila kijiji kibakize walau bonde moja lisilolimwa. Mpakani nako, okidi zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Gunia lisilo na kibali lisivuke Tunduma.

Yale mashina manne nimeyazungushia vijiti ng'ombe wasiyakanyage. Januari ijayo nitakwenda kuyahesabu tena.

Mkulima wa viazi,
Matamba, Makete