Anayeanza kupiga picha za ndege afundishwe mwanga kabla ya lenzi

Mhariri,

Makala yenu kwa wanaoanza kupiga picha za ndege yalizungumzia lenzi ya kununua kwa aya nyingi, na mwanga yakaupitia kwa sentensi moja tu: pigeni asubuhi. Mimi nimeishi kwa kazi ya studio, picha za pasipoti na za maharusi, na ndege nimeanza kuwafuata baada ya kustaafu. Kwangu mpangilio huo ni kichwa chini miguu juu.

Studioni taa ikikaa vibaya unaisogeza, au unamwomba bibi harusi ainue kidevu. Ndege haombwi, jua halisogezwi. Wa kusogea ni wewe. Kwa hiyo kabla ya kuinua kamera, anayeanza atazame kivuli chake mwenyewe: kikimwelekea ndege, jua liko mgongoni na manyoya yatapata mwanga. Kikilala ubavuni, nusu ya ndege itakuwa gizani. Kikilala nyuma yako, jua liko nyuma ya ndege, nawe utapata umbo jeusi, ambalo linapendeza ukilikusudia, kwa mfano korongo mwenye shingo ndefu mbele ya anga jekundu.

Hiyo asubuhi nayo ina sababu zake. Jua likiwa chini, mwanga wake hufika hadi kifuani na ndani ya jicho. Saa sita mchana linakuwa la utosi, macho yanazama kivulini, na ardhi ikishapata moto hewa juu yake hutetemeka kiasi kwamba ndege wa mbali hatoki mkali hata kwa lenzi ya bei mbaya. Siku ya mawingu mepesi, msirudi nyumbani. Mawingu hayo hufanya kazi ya kile kitambaa cheupe tunachofunika taa za studio. Pandisheni ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 800 au 1600 bila woga ili mpate kasi kubwa, maana chengachenga hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, lakini picha iliyotikisika ndiyo basi tena. Ndege aliyetulia apigwe kwa kasi ya 1/500 ya sekunde au zaidi, anayeruka, 1/2000.

Jicho lisipokuwa na ile nukta ndogo ya mwanga, ndege huonekana kama aliyekaushwa akajazwa pamba. Elekeza fokasi jichoni, kisha subiri. Akigeuza kichwa kidogo tu kuelekea upande wako, nukta inawaka. Ndege aitwaye chozi, yule mdogo mnyonya maua, ndiye mwalimu mkali kuliko wote hapa: mng'ao wa koo lake hutokana na muundo wa manyoya yenyewe, hivyo pembe ikikosea unaona weusi mtupu, naye akijipinda kidogo rangi zinalipuka.

Kamera nayo hudanganyika. Hupenda kila kitu kiwe cha kijivu. Yangeyange mbele ya maji meusi atatoka mweupe kama karatasi, hana hata unyoya. Tumia kitufe chenye alama za + na −, ushushe hadi −1. Kunguru mbele ya anga jeupe anataka kinyume chake, +1 au zaidi. Makala hayakukitaja kabisa kitufe hiki.

Kuhusu mpangilio, mengi husemwa juu ya kugawa picha mafungu matatu. Sawa, mwachie ndege nafasi upande anaotazama, asije akaonekana amegonga ukuta. Ila akikukodolea macho moja kwa moja, mweke katikati na usimsikilize mtu. Mimi naona usuli, yaani kile kilicho nyuma ya ndege, una uzito zaidi. Hatua mbili pembeni zinaondoa kijiti kinachoonekana kimemwota kichwani. Kwa ndege wa ardhini au majini, lala kifudifudi: kamera ikiwa usawa wa jicho lake, kilicho nyuma yake kinakuwa mbali na kufifia. Na mwenye lenzi fupi, ya milimita 200, asilie. Ampige ndege akiwa mdogo ndani ya matete yake, apange matete hayo vizuri. Njiwa na kunguru wamezoea watu, wanamtosha kwa mazoezi.

Nina maombi mawili, Mhariri. Msichapishe picha ya kiota ambacho majani yake yamekatwa ili mwanga uingie. Majani hayo ndiyo yanayowakinga makinda na jua, na ndiyo yanayowaficha wasionwe na mwewe. Pili, chini ya kila picha ya ndege ya msomaji, mahali mnapoandika aina ya kamera, andikeni pia saa iliyopigwa na upande jua lilipokuwa. Nafasi ikiwa finyu, ondoeni jina la kamera.

Msomaji wenu,
Mpiga picha mstaafu