Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hali ya Paa Letu

Ndugu wanachama,

Masuala ya usafi, ulinzi na lifti yamo kwenye taarifa ya katibu, na hesabu mtazipata kwa mhazini. Mimi nitazungumzia paa, maana ndilo lililotunyima usingizi mwaka huu.

Malalamiko ya ghorofa ya juu kuhusu kuvuja yalipozidi, kila fundi aliyepanda alikuja na dawa ileile: pakeni lami juu ya doa, kisha rangi kwenye dari. Kamati ilikataa. Paa bapa la zege mara nyingi halivuji wima. Maji yakishapenya utando wa kuzuia maji hutambaa chini yake mpaka yapate ufa, ndipo yadondoke sebuleni kwa mtu, pengine mita kadhaa kutoka pale yalipoingilia. Kuziba juu ya doa ni kubahatisha.

Kwa hiyo tulilipima kwa maji. Paa liligawanywa vipande, midomo ya kutolea maji ikazibwa, na kila kipande kikajazwa maji ya kina cha sentimita 5 na kuachwa siku mbili. Kina hicho ni uzito wa kilo 50 kwa kila mita ya mraba, ndiyo maana hatukufungua bomba kabla mhandisi hajaridhika na uwezo wa zege.

Katikati ya paa, palipokuwa pakilaumiwa na karibu kila mtu, hapakupitisha hata tone. Kipande cha karibu na ngazi ndicho kilicholowesha dari. Miguu ya dishi la televisheni ilikuwa imefungwa kwa bolti zilizopenya utando hadi kwenye zege, na kila tundu limezungukwa na kutu. Mwenye dishi hatumtaji. Ameshalihamisha, na matundu yamezibwa.

Kosa la pili lilikuwa kwenye ukuta wa ukingoni. Utando unatakiwa kupanda ukutani walau sentimita 15 juu ya uso wa paa; wetu ulipanda vidole viwili tu, hivyo maji yakijaa yanaingia kwa nyuma. Umeshapandishwa na ncha yake kufunikwa bati.

Nyumba moja haikuwa na kuvuja kokote. Doa lake lilitokea hata pasipo mvua: ni mvuke wa jikoni unaogeuka matone ya maji kwenye zege baridi. Pale panahitajika feni ya kutoa hewa, si lami.

Tulishawishiwa pia kukodi kamera ya joto. Ni kifaa kizuri kwa paa lenye tabaka la kukinga joto, kwa kuwa sehemu iliyolowa huchelewa kupoa baada ya jua kuzama. Paa letu halina tabaka hilo, tukaokoa fedha.

Limebaki dimbwi la upande wa mashariki, ambalo bado lipo saa 48 baada ya mvua kukatika. Paa bapa linahitaji mteremko wa walau sentimita 1 kwa kila sentimita 80, na pale haupo. Kamati inaomba idhini yenu kusawazisha sehemu hiyo upya kabla ya mvua zijazo.

Vichujio vya midomo ya maji sasa vinasafishwa kabla ya msimu na baada ya kila mvua kubwa. Ufunguo wa paa unakaa kwa katibu, na anayetaka kufunga antena au tangi aombe kwa maandishi kwanza. Fundi atakayetoboa bila kibali, gharama ni za aliyemleta.