Wajina, hiyo BMW usiilipie kwanza

Isevya, Tabora

Wajina wangu,

Salamu nyingi kutoka huku Unyanyembe. Sisi hatujambo, watoto wanakwenda shule, na maembe yameanza kuangukia mabati usiku. Ujumbe wako na zile picha mbili vilinikuta dukani, nikiwa katikati ya mteja wa plagi za bodaboda na mwingine wa bushi za Noah. Nimeona nikuandikie barua kamili, maana jambo hili haliishi kwa ujumbe wa simu, na ukinipigia huwa unanikatisha kabla sijafika kwenye hoja.

Unasema uhamisho wa Kigoma umetoka, fedha ya gari moja la kutembelea ipo, na roho yako imegawanyika kati ya Toyota Mark X ya 2013 na BMW 320i ya mwaka huo huo. Jibu nakupa mapema: chukua Mark X. Ila usidhani nasema hivyo kwa sababu ninauza spea za Toyota, au kwa sababu naiona BMW ni gari baya. Siioni hivyo hata kidogo.

Kuna mteja wangu aliwahi kuniachia 320i yake pale Nzega niirudishe Tabora, yeye akaendelea Mwanza kwa gari la kazini. Kile kipande cha kupita Puge unakijua, lami imenyooka na askari wake wa usalama barabarani ni ng'ombe. Wajina, lile gari limetengenezwa. Usukani una uzito unaoeleweka mkononi, unaugusa kidogo tu na pua inaitikia pale pale, haichelewi wala haizidishi. BMW hujitahidi kuugawa uzito wa gari karibu nusu mbele, nusu nyuma, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, kwa hiyo ya mbele yanabaki na kazi moja ya kukata kona. Ukipita juu ya kiraka, bodi haitetemeki. Unasikia mshindo mmoja mfupi, basi, gari limeshatulia. Giaboksi yake, kazi ya kampuni ya ZF, ina gia nane na inabadilisha bila abiria kujua. Injini ni ya cc 1997, nguvu farasi 184, lakini kwa sababu ya turbo inaanza kuvuta ikiwa bado iko chini kabisa. Nilikuta lori la tumbaku mbele yangu, nikakanyaga kidogo, likabaki nyuma.

Mark X ya injini ya 2.5 ina nguvu farasi 203 kwenye karatasi, V6 (yaani silinda sita), bila turbo. Ukisoma namba utasema imeshinda. Barabarani mambo ni tofauti kidogo: ile V6 inataka uizungushe. Ukikanyaga nusu inakusikiliza kwa adabu. Ukikanyaga sawasawa ndipo inapoimba, na sauti yake ni tamu kuliko ya silinda nne yoyote, hilo sibishani na mtu. Usukani wake ni mwepesi zaidi, hauongei sana na dereva. Lakini usiichukulie kama Premio iliyovaa suti. Nayo inasukumwa na magurudumu ya nyuma, mbele ina mikono miwili kila upande, nyuma ina viungo vingi vinavyoshika gurudumu, na chini kule imejengwa kwa asili moja na Crown na Lexus IS.

Hapo kwenye Lexus ndipo ninapotaka utulie, maana ndipo nembo inapokuchezea akili. Unaukumbuka ugonjwa wa vijana wa mjini wa kutaka Altezza? Toyota waliitoa mwaka 1998 Japani kwa jina hilo, na gari lile lile likauzwa Marekani na Ulaya kwa jina la Lexus IS. Mjapani alilinunua kama Toyota ya kimichezo, Mmarekani akalinunua kama mlango wa kuingilia kwenye ufahari. Lexus kama chapa haikuanza kuuzwa Japani mpaka 2005. Na IS 250 iliyokuja baadaye ina injini ya 4GR-FSE, yaani hiyo hiyo iliyo kwenye Mark X unayoiangalia. Ukifungua boneti za hayo mawili, fundi wako hatahitaji kujifunza upya. Anacholipia mtu wa Lexus ni ukimya wa ndani, ngozi, rangi iliyopakwa kwa uangalifu zaidi, milango inayofunga kwa sauti nzito, na ile herufi ya L. Vyote hivyo ni vitu vya kweli, sivibezi. Ila ujue unanunua nini.

Sasa hao Wajerumani. Gari kama 320i, au Mercedes-Benz C200 ambayo mke wetu anaitaka (mwambie nimesikia), au Audi A4, kampuni huzitengeneza ziwe miongoni mwa ngazi za mwanzo za nyumba kubwa. Ngazi hiyo inakupa chesisi nzuri, na hapo hawadanganyi, kwa sababu chesisi hiyo hiyo ndiyo inayobeba ndugu zake wenye injini kubwa. Lakini injini unapewa ndogo, na mapambo mengi yalikuwa ya kulipia pembeni. Ndiyo maana minadani Japani unazikuta 320i zenye viti vya kitambaa, na wakati huo huo unakuta Mark X ya daraja la juu yenye viti vya umeme na kila kikorombwezo ambacho Toyota walikuwa nacho siku hiyo. Kwa hela ile ile unachagua kati ya mtoto wa mwisho wa nyumba ya kitajiri na mtoto wa kwanza wa nyumba ya kawaida.

Najua kilichokuvuta. Umeingia kwenye kikokotoo cha TRA, wale wa mamlaka ya mapato, ukaona 320i inatoka bandarini kwa nafuu, ukafurahi. Hesabu hiyo ni sahihi. Injini inayozidi cc 1000 lakini isiyozidi cc 2000 inatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, ikizidi hapo ni asilimia 10, na Mark X yako ni cc 2499. Juu yake inakuja VAT ya asilimia 18, kwa hiyo pengo linatanuka. Ule ushuru wa uchakavu hausaidii upande wowote, kwa kuwa zote mbili zimeshavuka miaka 10. Basi hapo BMW imekushindia fedha, sikatai. Sasa ipeleke Kigoma uone itakavyozirudisha.

Dar kuna mafundi wa BMW wenye mashine zao za kupimia, na Gerezani pale Kariakoo utapata kila kitu, kipya au kilichotumika. Huku kwetu bara ni habari nyingine. Mark X ikichoka bushi za mbele, ninazo dukani. Brekipedi, plagi, mkanda, wota pampu, vyote vinapatikana Tabora, na Kigoma pale Mwanga hutakosa duka la kukuuzia au kukuagizia jioni hiyo hiyo. Kwa 320i, mwenye duka atakuomba tarakimu saba za mwisho za namba ya chesisi, kwa sababu kipuri cha gari lililotoka kiwandani Machi kinaweza kisiingie kwenye la Septemba. Utazituma Dar, watatafuta, watakifunga kwenye boksi, na boksi litapanda basi. Wewe utakuwa unapanda bajaji. Betri tu ukibadilisha, kompyuta ya gari lazima iambiwe kwamba betri ni mpya, la sivyo itaendelea kuichaji kama ile iliyozeeka. Nina mteja mwenye sedani ya kifahari (jina la chapa naliacha) aliyeegesha gari uani kwa ajili ya sensa moja ndogo kama kidole gumba. Sensa yenyewe haikuwa ghali. Ilikosekana mtu wa kusema kwa uhakika kwamba ndiyo yenyewe, akabadilisha vitu vingine vitatu kwanza.

Kuna na hili la injini. 320i za kizazi hicho zilizotengenezwa kabla ya 2015 zina injini ya N20, na miongozo inayoshika cheni ya taimingi ni ya plastiki iliyokuwa dhaifu. Ikimeguka, vipande vinaangukia kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, cheni inalegea, na ukichelewa injini imekwenda. Ukisikia mluzi unaopanda kadiri unavyokanyaga, usiseme ni turbo, kaa nao mbali. C200 ya miaka ya 2007 mpaka 2014 nayo ina yake: injini yake ya cc 1796 inajulikana kwa cheni inayorefuka, na kuna kufuli la usukani la umeme ambalo likifa ufunguo haugeuki, gari linabaki palepale ulipoliacha. Mark X si malaika. Inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo masizi hujikusanya kwenye valvu za kuingizia hewa na baada ya muda gari linatetemeka likiwa limesimama. Wota pampu nayo huvuja. Tofauti ni kwamba hayo yote fundi wa Kigoma ameshayaona.

Na tairi. BMW nyingi za aina hiyo zilitoka kiwandani na tairi zinazoweza kutembea bila upepo, ndiyo maana hazina tairi la akiba. Kitabu chake kinakuruhusu kama kilomita 80, kwa mwendo usiozidi 80. Wajina, wewe utakuwa unakuja Tabora kwa njia ya Uvinza. Tairi likitoboka ukiwa umeshaiacha Uvinza, omba Mungu hizo 80 zikufikishe Nguruka. Ukifika, fundi wa pancha atalitazama hilo tairi gumu kisha atakutazama wewe. Mark X iko chini pia, kama sentimita 15 tu kutoka ardhini, kwa hiyo kwa mambo ya vijijini endelea kutumia Land Cruiser ya ofisi. Lakini ina nafasi ya tairi la akiba, na saizi ya tairi zake inapatikana.

Upande wa mafuta BMW inaibwaga Mark X, tena vibaya. Ile V6 mjini usiitegemee zaidi ya kilomita 8 au 9 kwa lita, ndivyo wateja wangu wanavyosema wakiwa wakweli, na kupanda na kushuka kati ya Mwanga na stesheni hakutaisaidia. EWURA wakitoa bei zao za mafuta kila mwezi, Kigoma iko juu ya Dar kwa sababu ya safari ya mafuta yenyewe. Hilo ulipangie bajeti. Faraja yako ni kwamba Mark X ya kizazi hiki Toyota waliirekebisha itumie petroli ya kawaida, ndiyo sababu nguvu yake ilishuka kutoka 215 ya kizazi kilichotangulia hadi 203. Hutahitaji kuibembeleza.

Najua utanijibu kwa Liemba. Utasema meli ya Kijerumani ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa hapo hapo Kigoma, ikazamishwa 1916, ikatolewa majini, ikarudi kazini 1927, na wajukuu wa waliopanda mwanzo nao wameipanda. Sawa, mheshimiwa. Liemba haina sensa hata moja.

Kama nembo ndiyo inayokuwasha na huwezi kulala bila hiyo, basi tafuta IS 250 ya kuanzia 2005. Utapata ufahari wako juu ya mifupa ile ile, ila nyuma kumebana, mke wetu na watoto watalalamika mpaka Urambo. Kama ushuru ndio unaokuuma, Mazda Atenza ya injini ya cc 1997 inaingia kwenye lile kundi la asilimia 5, inakata kona vizuri kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, na sura yake haina aibu popote. Subaru Legacy B4 ya turbo sikushauri. Ni gari zuri la kuwa na fundi jirani. Na hiyo Mark X ya 350S uliyoiulizia mwishoni kana kwamba umeikumbuka bahati mbaya, yenye farasi 318, iache. Wajina ninaye mmoja tu.

Kwa hiyo tafuta 250G, ndiyo yenye hiyo injini ya 2.5, isiwe imeshushwa chini, isiwe imebadilishwa ekzosi. Magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma vijana wa Japani huyachezea, na ukiona karatasi ya mnada imeandikwa daraja R, ujue limegongwa likatengenezwa. Angalia picha za tairi za nyuma: zikiwa zimeisha huku za mbele bado mpya, uliza maswali. Nitumie namba ya chesisi na hiyo karatasi kabla hujatuma hata senti. Nina kijana hapa anayesoma Kijapani cha minadani kama gazeti.

Ada yangu ni migebuka, samaki wa huko ziwani, iliyokaushwa vizuri. Ukishafika, mpe kondakta wa basi la Tabora, juu ya boksi aandike jina letu. Na msalimie mke wetu, mwambie Benz nitamnunulia mimi.

Wajina wako