Mnamsifia Anthony Trollope, mama yake je?

Ndugu mhariri, habari za kazi. Nimesoma makala yenu ya Anthony Trollope, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza aliyekuwa anafanya kazi posta, nimeipenda, ila kuna mtu mmemruka kabisa. Mmeandika weee jinsi alivyoamka alfajiri, saa mezani, maneno 250 kila robo saa, riwaya 47, sawa, lakini hiyo tabia ya kuandika watu wamelala jamaa hakuiokota njiani, ameikuta nyumbani kwa mama ake.

Mama ni Frances Trollope, kazaliwa 1779. Mumewe alikuwa mwanasheria mwenye hasira mbaya, wateja wakamkimbia, akajaribu kilimo nako akafeli. Mwaka 1827 mama akaenda Marekani, kule Cincinnati akajenga jengo la biashara, likamfia mkononi. Ndo kurudi Uingereza akatoa kitabu chake cha kwanza, 1832, ana miaka 53 tayari! Humo anawasema Wamarekani vibaya, kutema mate ya tumbaku kila kona, kujisifia uhuru huku wana watumwa majumbani. Walikasirika balaa, na kitabu kikauzika kwelikweli.

Lakini madeni ya mzee hayakuisha. 1834 Anthony akatumwa amwahishe baba London akapande meli akimbie nchi, kurudi nyumbani anakuta madalali washaingia, na huku watu wa nyumbani pamoja na mabinti wa jirani wanapenyeza vyombo vya udongo, vitabu na vyombo vya fedha kwenye upenyo wa ua, vinaenda kufichwa kwa jirani. Kijana naye akajiunga kubeba. Mimi hapo nilicheka mwenyewe, japo sio jambo la kuchekesha.

Wakahamia Bruges, Ubelgiji, na hapa ndo pa kumvulia mama kofia. Mtoto wake Henry ana kifua kikuu, mume hoi kitandani, nesi ni yeye, na hela ya kula inatoka kwenye kalamu yake tu. Anthony anasema kwenye kitabu cha maisha yake kwamba chupa za dawa na chupa ya wino zilikaa pamoja vyumbani kwa mama. Usiku anauguza, huku anaandika hadithi za watu wanaocheka. Henry akafa mwisho wa 1834, mume 1835, binti yake Emily 1836, na vitabu havikusimama.

Tena sio vya kuchekesha tu. 1836 katoa riwaya ya kupinga utumwa Marekani, miaka 16 kabla ya Uncle Tom's Cabin, kile kitabu cha kupinga utumwa cha Mmarekani Harriet Beecher Stowe ambacho ndo kila mtu anakijua, halafu akaenda mpaka Manchester kujionea watoto wanavyofanyishwa kazi viwandani, nayo akaiandikia riwaya. Wahakiki wakamwita mwanamke asiye na staha. Hata mwanae, pamoja na kumpenda, kaandika kwamba mama alikuwa anatia chumvi, hivi na yeye si angemstahi kidogo jamani, wakati ada na mkate wa nyumba vilitoka hapohapo kwenye hiyo chumvi?

Aliandika mpaka 1856, akafia Florence 1863. Naomba mpeni naye ukurasa mzima, sio kamstari kamoja ka "mama yake pia aliandika".

Msomaji wenu, Morogoro