Usikubali kisu kabla hujawaambia habari za vidonge

Mwanangu,

Ripoti uliyonitumia jana usiku nimeisoma mara nne, mara ya mwisho nikiwa nimesimama uani ili mama yako asinione. Uvimbe kwenye korodani zote mbili, mkubwa una sentimita 1.8. Halafu ukaongeza: "Daktari anasema zitolewe." Zote mbili, na wewe una miaka 19!

Nijibu kwanza. Ulimwambia kwamba una ugonjwa wa kuzaliwa wa tezi za adrenali (CAH), zile zilizokaa juu ya figo, na kwamba tangu ukiwa na siku 16 unameza haidrokotisoni kuziba pengo la homoni ambayo tezi hizo zinashindwa kuitengeneza? Nakujua. Ulimwambia mpira ulikugonga uwanjani huko Njoro, basi. Daktari akaiona picha bila kukuona wewe, naye hata simlaumu sana, maana picha hiyo bila historia yako humtisha yeyote.

Kaka yako aliyekutangulia tulimzika akiwa na wiki tatu. Alitapika, akakauka mwili, wazee hapa Kisumu wakasema jicho. Nawe ulipoanza kutapika vilevile, nilikubeba usiku huohuo hadi hospitali. Chumvi ilikuwa chini mno kwenye damu, potasiamu juu. Wasichana wenye ugonjwa huu mara nyingi hugunduliwa mapema kwa sababu maumbile yao ya nje huwa tofauti wanapozaliwa. Mvulana huonekana mzima mpaka azidiwe. Mimi na mama yako kila mmoja alikuwa na nakala moja mbovu ya jeni bila kujua. Kila mimba ni bahati nasibu: nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuugua.

Sasa huo uvimbe. Mtoto akiwa bado tumboni, korodani huumbika karibu na tezi hizo za adrenali. Korodani zikishuka, chembe chache za adrenali huweza kushuka nazo kama abiria asiyekata tiketi. Ukikosa dawa, tezi ya pituitari chini ya ubongo hufyatua homoni ya ACTH kwa wingi, kuzihimiza adrenali zifanye kazi zisiyoiweza. Abiria wale nao huisikia amri hiyo, wakavimba. Si saratani.

Ultrasaundi huonyesha mahali pao: madoa meusi katikati ya korodani, pale mirija ya mbegu inapokusanyika, kwa kawaida pande zote mbili. Saratani ya korodani mara nyingi hushika upande mmoja. Kwa kuwa uvimbe umejificha ndani, ukiwa chini ya sentimita 2 mkono huupita tu, ndiyo maana hukuwahi kuuhisi. Wakikutajia MRI, picha ya mashine ya sumaku, uliza itaongeza nini, kwani ni ghali na ultrasaundi nzuri mara nyingi inatosha. Wapime AFP na hCG kwenye damu, alama za saratani. Na 17-hidroksiprojesteroni, homoni inayopanda dawa ikikosekana, wapime asubuhi, kabla ya kidonge. Ikiwa juu sana, itatusimulia ulivyokuwa ukiishi.

Maana hapo ndipo penyewe. Desemba mama yako alifungua begi lako akakuta vidonge vya Agosti havijamezwa. Hakukuambia, aliniambia mimi, nami nikajifanya sijui. Nilidhani ni aibu ya kumeza dawa mbele ya wenzako bwenini. Kosa langu hilo, nilipaswa kukuita tukae.

Uvimbe huu ukiwahiwa, dawa ikipangwa upya, unaweza kunywea. Ukiachwa miaka, hubana ile mirija na kugeuka kovu gumu, na hapo mtu anaweza kukosa watoto. Kwa hiyo upimwe mbegu pia. Najua hutaki kuzungumza hayo na baba yako, mimi pia yananipa jasho, lakini nimeshayaandika.

Usijiongezee vidonge kwa hofu. Meza vile ulivyoandikiwa, na ukishikwa na homa unajua kuongeza kama tulivyofundishwa.

Jumamosi nitapanda matatu ya alfajiri. Nitakuja na faili lako la kijani, lenye vipimo vyote tangu siku ile ya kwanza. Wewe waombe picha zenyewe kwenye CD, si karatasi ya ripoti pekee. Tunazipeleka kwa daktari wa homoni. Mama yako nitamwambia leo jioni.

Baba yako