Namba 4,294,967,297 si tasa

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wa wanafunzi wa toleo lako la Jumamosi iliyopita, jibu la fumbo la hesabu lilisema kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Sivyo. Namba hiyo ni zao la 641 na 6,700,417. Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi, nami ninajua kwamba wapo watoto waliokwisha kulinakili jibu hilo kwenye madaftari yao kama lilivyochapwa.

Ninaelewa kosa lilikotoka. Namba hii ni witiri, jumla ya tarakimu zake ni 59 na kwa hiyo haigawanyiki kwa 3, haiishii kwa 5 wala 0, na ukiigawa kwa 7, 11 au 13 unapata baki. Wengi huishia hapo. Lakini namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na isiyo na kigawo kingine ila 1 na yenyewe, na mtu kutokiona kigawo hakumaanishi kwamba hakipo.

Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria wa karne ya 17 aliyezipenda namba kuliko wengi wa zama zake, naye aliteleza papa hapa. Aliipa 2 vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, akaongeza 1 kila mara, akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa; akaamini kuwa mfuatano huo hautavunjika. Kipeo kinachofuata, yaani 32, ndicho kinachotupa namba ya fumbo lako. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, alionyesha kwamba 641 inaigawa bila baki. Euler huyo huyo alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za namna hiyo, kuanzia ndogo, ni 193, 257, 449, 577, kisha 641: badala ya kupapasa maelfu ya namba, jaribio la tano linatosha. Kila ninapofundisha hatua hiyo darasa hunyamaza, nami sijawahi kuichoka.

Vigawo vya namba hii, basi, ni vinne tu. Ukiiacha yenyewe, vitatu vilivyobaki vina jumla ya 6,701,059, ndogo mno kuliko namba yenyewe, kwa hiyo huwekwa katika kundi la namba pungufu.

Ninaomba masahihisho yachapwe katika ukurasa ule ule wa wanafunzi, yakiwa na hesabu nzima ya kuzidisha: 6,700,417 mara 600, mara 40, na mara 1, kisha majibu hayo matatu yajumlishwe, ili mtoto aikague mwenyewe kwa kalamu.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro